Mguu wa Hujaji

Katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, na kuhifadhiwa na Bukhari na Muslim, yumo mzee mmoja asiyetajwa jina. Alionekana akijikokota njiani, ameegemea wanawe wawili waliomshika huku na huku. Mtume Muhammad (S.A.W.) akauliza ana nini mzee huyu. Akajibiwa kwamba ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka kwenye Kaaba. Hapo akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujitesa nafsi yake, akaamuru apande mnyama. Mwanamke mmoja naye, dada wa sahaba Uqba bin Amir, aliweka nadhiri kama hiyo. Jawabu aliloletewa ni kwamba aende kwa miguu, na pia apande. Na Anas huyo huyo amepokea kwamba Mtume mwenyewe, akiwa ndani ya ihramu, aliumikwa juu ya mguu wake kwa sababu ya maumivu yaliyomshika.

Tangu mwanzo, basi, mguu unaouma ulikuwa na mahali pake katika mazungumzo ya hija. Sura ya al-Hajj yenyewe, inapowataja watakaoitikia wito, huwatanguliza wale wajao kwa miguu kabla ya wale wajao juu ya ngamia waliokonda kwa safari. Lakini historia ya hija ilipoandikwa, waliopata kurasa nyingi ni masultani, maamiri, kiswa cha Kaaba na hesabu ya ngamia. Mwenda kwa miguu alibaki pembeni ya habari, na akiumia alipotea kabisa. Kumtafuta yampasa mtu akusanye vipande vidogo vidogo: sura katika kitabu cha tiba, sentensi mbili za msafiri, jina la kazi katika daftari la msafara. Vipande hivyo vikiunganishwa huonyesha kwamba tiba ya mguu wa hujaji ilitegemea dawa kwa kiasi kidogo, ikategemea zaidi jambo jingine.

Wahenga husema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Methali hiyo ni ya watu wenye vijiji karibu. Mtu akijikwaa baina ya mashamba mawili ya mikarafuu, huketi chini ya mti akangoja maumivu yapungue, au akapiga ukelele akasikiwa. Jangwani hakuna mti wala wa kusikia. Kutoka Kufa, mji wa Iraki, mpaka Makka ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400, na sehemu kubwa yake ni mchanga, changarawe na mawe ya volkano yenye makali. Mchana ardhi huunguza. Usiku baridi huingia mifupani. Unyayo hukauka ukapasuka magaga, magaga yakaingia mchanga, na malengelenge yakapasuka kabla ya kukomaa. Kifundo kikiteguka hakina siku ya kupumzika, kwa kuwa kituo cha kesho kina maji na kituo cha leo yamekwisha.

Ibn Jubayr, mwandishi kutoka Andalusia, alipita njia hiyo mwaka 1184 pamoja na msafara wa Iraki. Ameeleza jinsi mlio wa ngoma kubwa ya amiri ulivyokuwa ukiwaondoa watu wote kwa mara moja, na wingi wa watu ulivyokuwa kama bahari. Miaka karibu 150 baadaye Ibn Battuta alisema jambo hilo hilo: mtu akitoka katika msafara kwa haja yake, na asiwe na alama ya kumrudisha mahali pake, hakuweza tena kupaona kwa wingi wa watu. Hao ni watu wazima wa afya waliopotea kwa muda wa kwenda haja tu. Aliyekaa chini kufunga kidonda alijua kwamba ngoma italia, na ikilia haitamngoja. Jeraha ambalo nyumbani lingepona kwa siku kumi, huko liliweza kuua, na kilichoua hakikuwa jeraha. Kilichoua ni kuachwa.

Katika karne ya 9 Qusta ibn Luqa, tabibu na mfasiri Mkristo kutoka Baalbek, aliandika risala ya tiba kwa ajili ya safari ya hija. Alimwandikia al-Hasan ibn Makhlad, mtu mkubwa wa dola ya Bani Abbas aliyepata kuwa waziri wa Khalifa al-Mu'tamid. Risala ina milango 14, nayo imechapishwa kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1992. Yafaa kuikumbuka kwa mambo mawili. Kwanza, hapa Mkristo anamtengenezea Mwislamu njia ya ibada ambayo si yake, kwa uangalifu wa mtu anayetengeneza silaha ya rafiki. Pili, miguu imepewa haki yake. Qusta anaeleza chakula, kinywaji na usingizi wa msafiri, kisha anaingia katika uchovu na aina zake, kuchuliwa kwa mwili na namna zake, na kuchuliwa kwa miguu peke yake. Anazungumza juu ya upepo wa jangwani, masikio, macho, maji mabaya na namna ya kuyarekebisha, kiu, na wadudu wenye sumu.

Kuchua miguu, kwa Qusta na kwa matabibu waliofuata mafundisho ya Wayunani, ni tiba kamili yenye vipimo. Kuna kuchua kwa nguvu, ambako hukaza mwili. Kuna kuchua kwa upole, ambako huulegeza. Na kuna kwa wastani. Uchovu wa mwendo nao hugawanywa kwa dalili zake: upo unaomfanya mtu ahisi kama ana vidonda ndani ya nyama, upo unaovuta kama kamba, na upo unaokuja na joto na uvimbe. Kila mmoja una matunzo yake ya mafuta, maji ya moto na mapumziko. Mwanamke yeyote wa pwani aliyepata kumchua mzee wake kwa mafuta ya nazi ataitambua elimu hiyo mara moja, ingawa majina ni mengine.

Lakini maji ya moto yanataka kuni, mafuta yanataka fedha, kuchuliwa kunataka mchuaji, na mapumziko yanataka msafara usimame. Al-Hasan ibn Makhlad alikuwa na ngamia na watumishi. Kitabu kilichojaa hekima juu ya miguu kiliandikwa kwa mtu ambaye miguu yake haikuwa na lazima ya kukanyaga. Hilo si kosa la Qusta. Tabibu huandika kwa aliyemwomba. Hata hivyo latosha kuonyesha kwamba elimu ya kutibu ilikuwapo tangu zamani. Iliyokuwa ngumu ni njia ya kuifikisha kwa aliyeihitaji zaidi.

Mlango mmoja wa risala unahusu ugonjwa uliowaonea hasa watu wa chini: mnyoo wa Madina. Mnyoo huu huingia kwa maji ya kunywa. Ndani ya maji yaliyotuama huishi vidudu vidogo mno ambavyo vimemeza viluwiluwi vya mnyoo. Anayeyanywa hahisi kitu kwa karibu mwaka mzima. Kisha, mara nyingi katika mguu au unyayo, hutokea lengelenge linalowaka kama kaa la moto. Likipasuka, huchungulia uzi mweupe. Uzi huo ni mnyoo jike, na urefu wake hufika mita moja. Mgonjwa hukimbilia kutia mguu majini apoze moto, na hapo hapo mnyoo humwaga viluwiluwi vyake, kisima kikachafuka kwa ajili ya wajao nyuma. Siri hiyo ya vidudu vya maji haikujulikana mpaka mwaka 1870, alipoigundua mtaalamu wa Kirusi, Aleksei Fedchenko.

Tiba yake lakini ilijulikana zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameieleza katika Qanuni yake: kichwa cha mnyoo hushikwa kikazungushwa juu ya kipande kidogo cha risasi, ukavutwa polepole, na uzito wa risasi ukasaidia kuutoa. Wengine walitumia kijiti. Kila siku hutoka kiasi cha vidole viwili au vitatu, na kazi huchukua majuma. Ukikatika ndani, mguu huvimba, usaha ukajaa, na mgonjwa huenda akawa kilema. Kwa hiyo dawa ya mnyoo ni subira, na subira ndiyo bidhaa ambayo msafara haukuwa nayo. Mwenye mnyoo aliyekwenda kwa miguu alitembea na kijiti chake kimefungwa juu ya kifundo, akiomba uzi usikatike kwa jiwe wala mwiba.

Inafaa kusema hapa kwamba adui huyu anakaribia kwisha duniani, na hakupatikana dawa ya kumeza wala chanjo. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5, mwaka 2024 waliohesabiwa ni 15. Kenya ilithibitishwa kuwa imeondokana naye mwaka 2018. Kilichomshinda ni kitambaa cha kuchujia maji, visima safi, na watu waliokwenda kijiji kwa kijiji kumzuia mwenye kidonda asitie mguu kisimani. Yaani kilichomshinda ni mpango wa njia na maji.

Mpango wa namna hiyo, kwa vipimo vya zama zake, alikuwa ameshauanza Zubayda binti Jaafar, mke wa Khalifa Harun al-Rashid. Njia ya kutoka Kufa mpaka Makka hujulikana hadi leo kwa jina lake, Darb Zubayda, ingawa wengine kabla yake na baada yake walichangia pia. Ilikuwa na vituo zaidi ya 50, mabirika ya kukusanya maji ya mvua, visima, na sehemu ambazo mawe yaliondolewa ili watu na wanyama wapite. Zubayda alifariki mwaka 831. Ibn Jubayr alipopita miaka 350 baadaye aliyakuta maji ya birika zake yakinywewa, akamwombea rehema. Kazi hii haihesabiwi katika vitabu vya tiba, lakini kila jiwe lililoondolewa njiani ni kifundo kimoja kisichoteguka, na kila birika ni kituo ambapo mwenye kidonda aliweza kukiosha.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya mguu wa hujaji maskini umeachwa na Ibn Battuta. Mwezi wa Novemba mwaka 1326 aliondoka Makka pamoja na msafara wa Iraki, wakati wa Sultani Abu Said. Anasema msafara huo ulikuwa na ngamia wa kuwabebea maji wasafiri maskini, na ngamia wengine wa kubeba chakula cha sadaka, pamoja na dawa, vinywaji na sukari kwa ajili ya watakaougua. Kila msafara ulipotua, chakula kilipikwa katika masufuria makubwa ya shaba, wakalishwa wasio na masurufu. Na walikuwamo ngamia wa akiba kwa ajili ya wale wasioweza kutembea.

Maneno hayo ya mwisho ni machache, na msomaji mwenye haraka huyapita. Lakini humo ndimo ilimokuwa tiba. Ngamia wa akiba ni mnyama anayelishwa na kunyweshwa siku kwa siku bila kubeba kitu, akimngojea mtu ambaye bado hajaumia. Mfanyabiashara angemwona ni hasara. Sultani au mwenye kuweka wakfu alimlipia kwa kuwa alijua hakika: katika watu wengi hivi, kabla ya kufika, atakuwapo aliyeteguka mguu, aliyechomwa na mwiba, aliyetokwa na mnyoo. Tabibu anaweza kukifunga kidonda. Ngamia huyo ndiye aliyekipa kidonda muda wa kupona huku msafara ukiendelea.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa katika hao. Amiri wa msafara alimkodishia nusu ya machela ya ngamia mpaka Baghdad, kwa fedha zake mwenyewe, akamchukua chini ya himaya yake. Mwaka uliofuata, akirudi Makka pamoja na amiri huyo huyo, alishikwa na tumbo la kuhara kuanzia Kufa, akawa anateremshwa kutoka juu ya ngamia mara nyingi kwa siku, na amiri akimuulizia hali. Alifika Makka dhaifu hata akawa anasali kwa kukaa, na akatufu na kusai juu ya farasi wa amiri. Msomi kijana mwenye ulimi mzuri alipata farasi wa mkubwa; maskini alipata ngamia wa wakfu. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini wote wawili waliinuliwa kutoka ardhini, na hilo ndilo lililowafikisha.

Misafara ya Misri nayo ilijenga utaratibu ulioandikwa. Al-Jaziri, karani wa diwani ya hija huko Kairo katika karne ya 16, ameacha kitabu kikubwa kinachoeleza kazi za watu wa msafara. Humo, pamoja na kadhi, waadhini na washika mienge, wamo tabibu, mganga wa macho, mpasuaji na muunga mifupa. Yumo pia mwosha maiti. Kuwekwa kwao katika orodha moja hakukuwa na kejeli. Dola iliyotoa mshahara kwa muunga mifupa ilijua kwamba baadhi ya mifupa haitaunga.

Lakini walikuwako mahujaji ambao hawakuwa na amiri, ngoma, wala orodha. Hao ni Watakruri, jina walilopewa mahujaji wa Afrika Magharibi, waliokata bara kwa miguu kupitia Bornu, Darfur na Kordofan hadi Suakin, kisha wakavuka Bahari ya Shamu kwenda Jidda. Mswisi Johann Ludwig Burckhardt alisafiri pamoja nao mwaka 1814 kutoka Shendi kwenda Suakin. Wengi walikuwa hawana kitu. Walijitafutia riziki njiani kwa kubeba mizigo, kuuza kuni na kuandika hirizi, na safari iliweza kuchukua miaka.

Kwa mwenda kwa miguu wa namna hii, jeraha lilikuwa na maana tofauti na ile ya jangwa la Iraki. Hakuwa na msafara wa kumwacha, kwa hiyo hakuwa na ngoma ya kuogopa. Mguu ukivimba alikaa katika kijiji kilichokuwa karibu, akalishwa kwa sadaka, akapona au asipone. Akipona alilima msimu mmoja apate nauli. Msimu ukazaa msimu. Sudan leo ina jamii kubwa za watu wenye asili ya Afrika Magharibi, na njia ya hija ni miongoni mwa sababu zilizowafikisha huko. Wengine walikaa kwa kazi, wengine kwa vita, wengine kwa ndoa. Na bila shaka wapo waliokaa kwa sababu ya mguu. Kilichotakiwa kuwa kituo kikawa mji, na wajukuu wakazikwa mahali ambapo babu alikusudia kulala usiku mmoja.

Waliofika Makka wakiwa wamechoka hawakuwa na uhakika wa hospitali. Burckhardt ameeleza jinsi, baada ya siku za hija, maskini wagonjwa walivyokuwa wakilala chini ya nguzo za Msikiti Mtukufu, na wale wasioweza tena kunyoosha mkono wakiweka bakuli kando ya mkeka wao. Ukumbi wa msikiti ndio uliokuwa wodi. Waliokuja kusali ndio waliokuwa wauguzi, kwa kiasi cha maji ya Zamzam na tonge la chakula.

Pwani ya Afrika Mashariki iko mbali na jangwa la Iraki, na hujaji wake alikwenda kwa jahazi, akifuata pepo za msimu. Lakini bahari humfikisha mtu Jidda tu. Kutoka hapo mpaka Makka ni zaidi ya kilomita 70, na kutoka Makka mpaka Madina ni zaidi ya 400, na asiye na fedha ya ngamia alizipima kwa unyayo kama wenziwe wa nchi nyingine. Ibn Battuta aliyafikia mabara haya mwaka 1331, miaka mitano tu baada ya kuwaona wale ngamia wa akiba, akapita Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa. Huko alimkuta Sultani Abu al-Mawahib, na akasimulia ukarimu wake kwa masharifu na mafakiri waliomfikia kutoka Hijazi na Iraki. Njia ya sadaka ilikwenda pande zote mbili.

Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 kuliongeza meli za moshi katika Bahari ya Shamu. Mwaka 1908 reli kutoka Dameski ilifika Madina. Kisha yakaja magari na ndege. Ngamia wa akiba hakuhitajika tena, na birika nyingi za Darb Zubayda zikajaa mchanga. Hata hivyo katika karne ya 20 walikuwako Watakruri waliokuwa bado njiani kwa miguu, na hata leo hujaji aliyefika kwa ndege hutembea baina ya Mina, Muzdalifa na Arafa, na katika kundi hilo hurudi tena swali la zamani la nani atasimama na aliyeanguka.

Jawabu la swali hilo limo katika hadithi ya yule mzee. Miguu yake haikutiwa dawa, wala hakulaumiwa kwa udhaifu wake. Aliondolewa tu aibu ya kubebwa, akapewa ruhusa ya kufika kwa miguu ya mnyama. Hadithi haitaji alipanda mnyama gani, wala nani aliyemtolea.